Tairi la trela hufa kimya. Dereva apewe cha kumjulisha

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo kila msafiri wa barabara ya Mombasa kwenda Nairobi huliona na wachache hulitafakari, nalo ni vile vipande vyeusi vya tairi vilivyotapakaa kando ya lami kuanzia Mazeras hadi Voi na kuendelea. Abiria wa basi huviona kuwa takataka, na mwenye gari dogo huvikwepa akaendelea na safari yake. Mimi kila nikikiona kimoja humfikiria dereva aliyekatwa mshahara kwa jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua.

Nimevuta trela kwa miaka 22 kati ya bandari yetu na mpaka wa Malaba. Tangu nilipoacha usukani nasimamia matairi katika yadi moja huku Changamwe, kazi inayonitaka niwe nimefika kabla jua halijachomoza, geji mkononi, kwa kuwa upepo hupimwa tairi likiwa bado baridi. Kwa hiyo nayajua malalamiko ya anayeendesha, na nayajua pia maswali ya anayelipa.

Lori la kawaida la kubeba kontena lina matairi 22, kumi ya kichwa, yaani sehemu ya mbele yenye injini, na kumi na mawili ya trela. Tairi la mbele la kichwa likipungua upepo, usukani huvuta upande mmoja na dereva huhisi mikononi kabla ya kuona chochote. Tairi la trela haliko hivyo. Limefungwa kwa jozi, la nje na la ndani, na la ndani likiisha upepo, la nje hubeba mzigo wa yote mawili na gari likaendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Kutoka kiti cha dereva hadi ekseli ya mwisho kuna zaidi ya mita kumi za chuma na shehena, kuna ngurumo ya injini, na kioo cha pembeni kinaonyesha tairi la nje peke yake. Mtu anaweza kuondoka Miritini na msumari ndani ya tairi, akapimwa uzito Mariakani, akapita Samburu, akiamini kwa dhati kwamba gari lake ni zima.

Nao msumari si muuaji. Kinachoua tairi ni joto. Tairi la lori huzunguka takriban mara 300 katika kila kilomita moja, na katika kila mzunguko ubavu wake hukunjika pale unapogusa lami na kunyooka unapoinuka. Upepo ukiwa wa kutosha, mkunjo huo ni mdogo na joto lake hupeperushwa njiani. Upepo ukipungua, ubavu hukunjika sana, na nyuzi za chuma zilizofumwa ndani yake huanza kuchoka kama waya unaoukunja na kuukunjua kwa vidole mpaka ukuunguze na kukatika. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio kikomo cha magari mazito, mkunjo huo hurudiwa mara 400 hivi kwa dakika. Kutoka hapa hadi Nairobi, kilomita zipatazo 480, ni zaidi ya mara 140,000, na nyingi kati ya hizo ni juu ya lami iliyochomwa na jua la Taru na Maungu.

Mwaka wa 2011 nilikuwa nimepakia kontena ya futi arubaini yenye vigae. Tulipokuwa tumepita Taru, lori lililotoka mbele lilinimulika taa mara tatu, na dereva wake akanyoosha mkono dirishani akionyesha nyuma yangu. Taniboi wangu, yaani utingo, kijana wa Kaloleni, alichungulia akasema, “Mzee, naona moshi, lakini matairi yote yamesimama.” Alisema kweli kwa alichokiona. Yaliyosimama, yaani yenye upepo, yalikuwa ya nje. Nilipofika pembeni na kuinama chini ya trela, nilikuta tairi la ndani la ekseli ya katikati limekuwa matambara, na mwenzake wa nje ana joto ambalo sikuweza kulikaribia. Tulikuwa bado tunatafuta jeki, tairi la nje lilipopasuka. Sauti yake naikumbuka mpaka leo. Kipande cha mpira kilirushwa hadi upande wa pili wa barabara, na namshukuru Mungu kwamba wakati ule hapakuwa na bodaboda wala mchunga mbuzi aliyekuwa akipita.

Fundi wa pancha aliyetusaidia aliligeuza lile la ndani, akaingiza mkono, akautoa ukiwa umejaa chengachenga nyeusi kama baruti. Akaniambia, “Hili halikufia hapa, mzee. Hili limekufa tangu Mazeras, umelizika hapa tu.” Vumbi lile ni mpira wa ndani uliosagwa na tairi lenyewe likizunguka bila upepo, na kila fundi mzoefu akiliona hujua kwamba gari limetembea kitambo kirefu. Kwa zaidi ya nusu saa, basi, nilikuwa nimevuta hatari nyuma yangu bila kujua. Mwajiri wangu wa wakati ule alinikata bei ya matairi yote mawili kwa miezi mitatu, kwa hoja kwamba dereva makini angejua. Nimeishi na swali hilo tangu siku ile: angejua kwa njia gani?

Wengi watajibu kwamba ndiyo maana madereva hushuka na kugonga matairi kwa chuma. Nami nimegonga matairi maisha yangu yote, na sisemi mtu aache, kwa kuwa chuma kitakuonyesha tairi lililoisha kabisa. Lakini mwaka jana nilifanya jaribio pale yadini. Nilijaza tairi moja upepo wa 110, yaani pauni 110 kwa kila inchi ya mraba, na jingine la aina ile ile nikalishusha hadi 85, kisha nikawaita madereva watano, wote wazoefu kuliko wengi, wagonge na waniambie lipi ni lipi. Wawili walisema yako sawa, wawili wakachagua lililojaa kuwa ndilo pungufu, na mmoja akapata, naye alikiri kwamba alibahatisha. Wataalamu wa matairi ya malori wana kanuni kwamba tairi lililoshuka hadi asilimia 80 ya upepo wake unaotakiwa, au chini ya hapo, lihesabiwe kuwa limekwisha. Kwa tairi la 110 kikomo hicho ni 88. Lile la 85 lilikuwa tayari ni tairi la kuondolewa barabarani, na chuma chetu kilisema ni zima.

Geji basi ni lazima iwe ndani ya kila lori, na pale tairi la ndani lisipofikika kwa mkono, valvu yake irefushwe kwa bomba la chuma lililoshikizwa vizuri, maana tairi lisilofikika halipimwi na mtu yeyote, hata akiapa. Hata hivyo geji hupima asubuhi tu. Baada ya saa moja ya safari haina habari tena, na ndiyo sababu naandika barua hii kuwaomba wenye malori waweke vihisi vya upepo kwenye matairi ya trela.

Kihisi ni kifaa kidogo. Cha aina moja hufungwa juu ya valvu mahali pa kifuniko na ukubwa wake haupiti sana kizibo cha soda. Cha aina nyingine hukaa ndani ya tairi juu ya rimu. Kila kimoja hupima upepo na joto, na hutuma habari kwa mawimbi ya redio hadi kwenye skrini ndogo iliyo mbele ya dereva. Upepo ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, au joto likizidi, skrini hulia na kuonyesha ni tairi lipi. Siku ile ya Taru ingelia kabla sijafika Mariakani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, aina mpya za trela nzito zimelazimishwa kuwa na mfumo huu tangu Julai 2022, na tangu Julai 2024 kila trela nzito mpya. Kwetu trela nyingi huundwa hapa hapa nchini, nyingine hapa Pwani, kwa hiyo sioni sababu ya mwenye kuagiza trela mpya kukosa kumtaka muundaji aviweke kabla rangi haijakauka.

Sitaki nionekane nauza vifaa, hivyo niseme na udhaifu wake. Trela ni ndefu na ni chuma tupu, na redio ya kihisi cha ekseli ya mwisho huenda isifike kichwani bila kifaa cha kupokea na kurusha tena, ambacho hufungwa katikati ya trela. Wengi hukiruka wakitafuta kuokoa pesa, kisha wanalalamika kwamba mfumo mzima ni wa bure. Kihisi cha nje kina mpira wa kuzibia ambao ukichakaa huvujisha upepo ule ule uliokuja kulindwa, na huibwa usiku kwenye foleni kisipofungwa kwa nati yake maalumu. Zaidi ya yote, kwa kazi ya bandari, kichwa kimoja huacha trela hii na kuchukua nyingine mara nyingi kwa wiki, na kama skrini haijaelezwa ni trela gani imeunganishwa, dereva atakuwa akiangalia afya ya matairi yaliyobaki Changamwe ilhali yeye yuko Voi. Hilo nimelishuhudia. Lazima yadi iwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuoanisha kila trela na kichwa chake kabla lango halijafunguliwa.

Tena kihisi hakioni kila kitu. Hakitakuambia kwamba tairi ni kuukuu, wala kwamba ngozi ya juu ya tairi lililovishwa upya imeanza kubanduka. Umri wa tairi husomwa ubavuni, katika tarakimu nne za mwisho za ile alama inayoanza na herufi DOT, ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili zinazofuata ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Wala hakifai kitu ukifunga tairi jipya na lililoliwa katika jozi moja, maana lile jipya, lenye kimo kikubwa zaidi, litabeba mzigo wa yote mawili hata kama upepo wao ni sawa.

Tukisimama Mackinnon Road, kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, kama ilivyo ada ya wasafiri wengi, zile dakika chache zatosha kabisa kulizunguka trela. Dereva apitishe mgongo wa mkono karibu na kila tairi na kila habu, yaani kitovu cha gurudumu, bila kugusa, au atumie kipima joto cha mkononi cha kuelekezea, akilinganisha tairi na jirani yake. Vile vya kupima paji la uso tulivyovizoea wakati wa Corona havifai, kwa kuwa vimetengenezwa kwa joto la mwili tu. Tairi moja likiwa na joto kuliko wenzake wote, limepungua upepo au limezidiwa mzigo. Habu ikiwa ndiyo yenye joto kuliko nyingine, tazama beringi iliyokauka grisi au breki iliyokwama, ambayo ndiyo huanzisha mioto mingi ya matairi, na moto wa tairi ni mgumu mno kuzima, kwani mtungi wa kuzimia moto utaondoa miali na mpira wenyewe, kwa joto uliolihifadhi, ukawaka upya.

Hapo hapo ndipo wengi hufanya kosa ambalo nami nililifanya miaka yangu ya mwanzo. Dereva hupima, hukuta 126, hushtuka, hutoa upepo hadi 110, akaridhika. Tairi lililojazwa 110 Changamwe asubuhi kwenye nyuzi joto 30, likifika nyuzi joto 70 njiani, litasoma karibu 126, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa hewa ikipashwa joto hutanuka. Ukiupunguza upepo huo, usiku tairi likipoa utabaki na 95 hivi, na kesho yake utaanza safari na tairi pungufu ulilolipunguza mwenyewe. Upepo wa tairi lililo moto hautolewi kamwe.

Haya yote hayatamsaidia dereva ambaye haruhusiwi kusimama. Nasema hili nikiwaheshimu waajiri, kwa kuwa najua kontena ikichelewa kurudishwa hutozwa faini. Lakini dereva anayepigiwa simu kila baada ya nusu saa kuulizwa amefika wapi, na anayejua kwamba tairi likipasuka atalilipa yeye, hufundishwa na hofu yake mwenyewe kutosimama na kutosema. Skrini ikilia ataizima. Naomba wenye malori waondoe adhabu hiyo kwa dereva anayetoa taarifa ya tairi linalopungua, kisha waone jinsi taarifa zitakavyokuja mapema.

Kwa Mamlaka ya Barabara Kuu, yaani KeNHA, nina ombi moja. Mizani ya Mariakani inapima kila ekseli kwa uangalifu, ya mbele isizidi tani 8, kundi la ekseli tatu lisizidi tani 24, na hilo ni jema, kwa kuwa uzito kupita kiasi ni ndugu wa upepo pungufu. Lakini tani 24 hizo zinabebwa na matairi 12 ambayo hakuna anayeyauliza hali yake. Malori yakiwa tayari yamesimama pale, iwekwe kompresa moja na geji ya kuaminika, kando ya foleni, ambapo dereva anayetaka atapima na kujaza bila kupoteza zamu yake. Wapo watakaopita bila kujali, lakini nawajua wengi ambao wangesimama.

Wenye trela ndogo, kama zile za kuvutia mashua kutoka Mtwapa na Kilifi, wasidhani barua hii haiwahusu. Gurudumu lao dogo huzunguka zaidi ya mara 500 kwa kilomita, tairi lao hukaa juani miezi mingi bila kutembea mpaka likapasuka nyufa, na habu zao huzamishwa katika maji ya chumvi. Wapime kabla ya kutoka, na wasimame kila baada ya saa moja.

Nimeliacha mwisho lile linalonikosesha usingizi zaidi. Tairi la nyuzi za chuma lililotembea likiwa pungufu huenda likaonekana zima kwa nje, na dereva mwenye haraka humwambia fundi wa kando ya barabara, “Tia upepo tu, nikimbie.” Fundi huchuchumaa, uso ukiwa mkabala na ubavu wa tairi, na kuanza kujaza. Nyuzi zilizokatika ndani zinaweza kuachana zote kwa mkupuo mmoja, na ubavu ukachanika kama zipu kwa nguvu inayoweza kumuua mtu pale pale. Tairi kama hilo lazima livuliwe kwenye rimu, likaguliwe kwa ndani, lile vumbi jeusi litafutwe, na likirudishwa lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, kwa bomba refu, fundi akiwa amesimama pembeni. Kati ya Mazeras na Mtito Andei sijaona vizimba vya aina hiyo zaidi ya viwili. Mafundi wale ni vijana, wengi hawajafundishwa na mtu, na kizimba kinaweza kuchomelewa na fundi yeyote wa vyuma hapa Jomvu. Kampuni zinazopitisha malori yao pale kila siku zingeweza kuwachangia, na yadi yetu imeanza na cha kwanza, ambacho tutakipeleka Samburu mwezi ujao.

Wako mwaminifu,
Dereva mstaafu,
Changamwe, Mombasa